Filta ya Hewa ya Gari la Kikundi: Namna ya Kuichagua na Kuifunga

Vikundi vingi vya kujisaidia hapa Kericho na Bomet sasa vina gari. Wengine walichanga pesa za bonasi ya majani chai, wengine wakakopa kwa sako, wakanunua pikapu ya kubeba maziwa, mbolea na majani, au Probox ya kukodisha. Mara nyingi gari hilo ndilo mali kubwa kuliko zote za kikundi. Katika kuwatembelea wanakikundi tumeona jambo moja. Gari linaoshwa kila Jumamosi, na jina la kikundi limeandikwa vizuri mlangoni. Lakini ukiuliza filta ya hewa ilibadilishwa lini, watu wanaangaliana tu.

Katika ukurasa huu tutazungumza juu ya filta hiyo, ambayo mafundi wetu huiita "eakilina". Tutazungumza hasa juu ya zile ambazo hazikutengenezwa na kampuni ya gari lenyewe, kwa sababu hizo ndizo zimejaa katika maduka ya spea ya Litein, Kapkatet, Sotik na Bomet mjini. Wanakikundi hutuuliza: "Je, filta ya kampuni nyingine itaharibu injini yetu?"

Jibu ni hili. Filta ya kampuni nyingine haiharibu injini, mradi iwe ni ya karatasi nzuri na imekaa sawasawa mahali pake. Kinachoharibu injini ni vumbi, hasa vumbi linalopita kando ya filta. Kwa hiyo usitazame jina lililoandikwa kwenye pakiti peke yake. Tazama jinsi filta inavyokaa.

KWA NINI INJINI INAHITAJI FILTA

Watu wengi wanajua injini inakunywa petroli au dizeli. Wachache wanafikiria kwamba inavuta hewa nyingi zaidi. Tuchukue injini ya lita 1.5, kama ile ya Probox nyingi. Kila inapozunguka mara mbili, inaweza kuvuta hewa karibu lita moja na nusu. Ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, nayo imekanyagwa kabisa kupanda mlima, hiyo inaweza kufika lita 2,250 kila dakika. Ni kama madramu 11 ya lita 200 kwa dakika moja tu! Hewa yote hiyo lazima ipite kwenye ile karatasi iliyokunjwa-kunjwa ndani ya sanduku la filta.

Sasa fikiria hewa yenyewe ikoje. Ukiacha lami ya Kericho hadi Bomet na kuingia barabara za murram za kwenda kwenye vituo vya kununulia majani, kuanzia Desemba mpaka mvua ya Machi, vumbi linasimama kama ukungu. Miti ya chai iliyo kando ya barabara inageuka rangi. Ukishuka Chepalungu upande wa Sigor, ambako ni pakavu zaidi, hali ni mbaya kuliko huku juu. Na gari likifuata lori la majani kwa nyuma, linavuta vumbi la lori lile lote.

Vumbi hilo lina chembe ndogo sana za mawe. Zile zenye hatari kwa injini zinaweza kuwa na upana wa sehemu moja ya mia ya milimita, wakati unywele wa mtu ni kama sehemu saba. Huwezi kuiona moja moja kwa macho. Chembe hizo zikiingia ndani ya silinda, zinachanganyika na oili iliyo ukutani, nayo oili inakuwa kama dawa ya kunolea visu. Kila pistoni inapopanda na kushuka, ringi na ukuta wa silinda vinasagwa kidogo kidogo. Baadaye injini inaanza kula oili, moshi wa rangi ya buluu unatoka nyuma, nguvu inapungua, na asubuhi gari linakataa kuwaka. Kwa gari la dizeli lenye tabo, hata mapanga ya tabo yanaliwa.

Kuna jambo jingine la huku kwetu. Mji wa Kericho uko juu ya bahari kwa karibu mita 2,000. Hapo hewa ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu sehemu moja ya tano. Maana yake injini zetu tayari zinapumua kwa shida. Ukiongeza filta iliyoziba, mlima ambao gari lilikuwa likipanda kwa gia ya tatu sasa litaupanda kwa gia ya pili.

YALIYOKIPATA KIKUNDI KIMOJA

Kuna kikundi cha akina mama na vijana tunachokifahamu ambacho kilinunua pikapu iliyotumika. Ilikuwa nzima. Walipopeleka sevisi, fundi aliwaambia filta ya gari lile haipatikani, akanunua nyingine iliyokaribiana nayo. Ilikuwa fupi kwa upana wa kidole. Fundi akakata kipande cha sponji ya godoro, akakijaza kwenye ule mwanya, akafunga sanduku. Gari likawaka vizuri na likaondoka. Hakuna aliyeona ubaya wowote.

Kiangazi kimoja tu kilitosha. Pikapu ikaanza kumaliza oili kabla ya siku za sevisi kufika. Walipopata fundi mwingine akafungua paipu inayotoka kwenye filta kwenda kwenye injini, akapitisha kidole ndani. Kidole kilitoka chekundu. Sponji ilikuwa imekauka na kusinyaa, na vumbi la miezi yote lilikuwa linapita pale pale. Injini ililazimika kufunguliwa na kufanyiwa ovahoo.

Wanakikundi walipiga hesabu wenyewe. Filta ya kutoshea ingekuwa kama bei ya kuku. Ovahoo ilikula pesa za ng'ombe wa maziwa. Tena kwa wiki zote gari lilipokuwa gereji, maziwa yalibebwa kwa bodaboda za kukodi. Na mbaya zaidi ni maneno: wengine wakasema dereva aliiba, wengine wakamlaumu mwenyekiti. Kikundi kilibaki kidogo kivunjike.

AINA ZA FILTA UTAKAZOKUTA DUKANI

Ya kwanza ni filta ya kampuni ya gari lenyewe, ile watu huiita "jenuini". Ina namba ya spea. Kwa mfano, namba za filta za hewa za Toyota kwa kawaida huanza na 17801, halafu zinafuata tarakimu nyingine za kuonyesha ni ya injini gani. Ni nzuri lakini bei yake iko juu.

Ya pili ni filta ya kampuni nyingine inayouza kwa jina lake yenyewe. Kampuni hiyo haijifichi. Imeandika jina lake, na mara nyingi imeandika pia namba ya spea ambayo inachukua nafasi yake. Ziko nzuri sana na ziko hafifu. Hakuna dhambi kuinunua, ila lazima uipime.

Ya tatu ni bandia. Hii inavaa jina la mwingine. Pakiti inasema ni jenuini, lakini ndani ni karatasi nyepesi na gundi mbaya. Kenya ina sheria dhidi ya bidhaa bandia tangu mwaka 2008, lakini zinaendelea kuuzwa. Ukiambiwa "jenuini" kwa bei iliyo nusu ya duka jirani, shuku. Kama pakiti ina alama ya ubora ya KEBS yenye namba ya kibali, unaweza kutuma neno SM# pamoja na namba hiyo kwa simu kwenda 20023 uone kama ni ya kweli.

Ya nne ni filta za kuoshwa, za kitambaa cha pamba kilichopakwa mafuta, kama zile za K&N, kampuni iliyoanza California mwaka 1969. Hizi zinadumu miaka mingi ukizitunza. Lakini zinataka sabuni yake na mafuta yake maalumu, na kupakwa kwa kipimo. Ukipaka kidogo, vumbi linapita. Ukipaka mengi, mafuta yanavutwa na kuchafua sensa inayopima hewa. Kwa gari la kikundi linaloendeshwa na watu wawili watatu katika barabara ya murram, tunashauri mbaki na karatasi.

Pia vijana wa matatu wanapenda kutoa sanduku zima na kuweka filta ya wazi yenye umbo la koni, ili gari "ling'urume". Filta hiyo iko wazi ndani ya boneti. Inavuta hewa ya moto ya injini, inarushiwa maji na matope, na haina ulinzi wowote. Gari la kazi haliitaki.

Muuzaji anaweza kukuambia filta fulani itakupunguzia petroli. Usimwamini haraka. Mwaka 2009 maabara ya Oak Ridge huko Marekani ilipima magari ya kisasa ya petroli, ikakuta kwamba hata filta ikiziba, ulaji wa petroli haubadiliki sana, kwa sababu kompyuta ya gari inapunguza petroli kulingana na hewa. Kinachopungua ni nguvu. Kwa hiyo usinunue filta kwa ahadi ya petroli. Nunua ili uzuie vumbi.

NAMNA YA KUIPIMA DUKANI

Nenda na filta ya zamani mkononi, kama ilikuwa ikikaa vizuri. Usiende na jina la gari peke yake, kwa sababu gari moja linaweza kuwa na injini tofauti. Halafu fanya hivi:

1. Weka mpya juu ya ile ya zamani. Urefu, upana na unene ulingane. Tofauti ndogo tu ya urefu ni mlango wa vumbi.

2. Bonyeza mpira wa pembeni. Uwe laini, urudi ukiachilia. Ukiwa mgumu kama plastiki, hautaziba mwanya.

3. Hesabu mikunjo ya karatasi. Filta yenye mikunjo michache ina karatasi kidogo, hivyo itaziba mapema. Linganisha pia kina cha mikunjo.

4. Inyanyue kwenye mwanga wa jua. Mwanga upite kwa usawa. Ukiona nukta kali ya mwanga, hilo ni tundu.

5. Vuta kidogo karatasi mahali inaposhikana na mpira. Ikiachana kwa kidole chako, itaachana na kwa injini.

Mwenye duka akikataa filta isifunguliwe, tafuta duka lingine. Na risiti usiiache.

NAMNA YA KUIFUNGA

Kazi hii haihitaji diploma. Kwa magari mengi ni dakika 15, na mama mweka hazina anaweza kuifanya bila kuchafua leso yake. Ifanyieni mahali pasipo na upepo wa vumbi, injini ikiwa imezimwa na imepoa.

1. Pangusa sanduku la filta kwa nje kwanza. Watu wengi wanaruka hatua hii, halafu mchanga wote wa juu unadondoka ndani.

2. Fungua klipu au skrubu. Kwa kawaida ziko mbili mpaka sita. Usilazimishe kwa bisibisi, maana plastiki ya zamani inavunjika, na klipu moja ikivunjika sanduku halibani tena.

3. Toa filta ya zamani polepole, ukiangalia upande upi ulikuwa juu. Nyingine zina mshale wa kuonyesha hewa inakoelekea.

4. Angalia ndani ya sanduku. Upande wa chini, hewa inakoingilia, vumbi, majani makavu na wadudu ni kawaida. Panguseni kwa kitambaa chenye unyevu kidogo. Upande wa pili, wa kwenda kwenye injini, unatakiwa uwe safi. Msipulize kwa kompresa, mtasukuma uchafu ndani ya injini.

5. Kama gari hulala karibu na ghala la mahindi, angalia panya. Panya hupenda kujenga ndani ya sanduku hilo na kutafuna karatasi.

6. Weka filta mpya. Pitisha kidole kuzunguka mpira wote. Ukae ndani ya mfereji wake pande zote nne, bila kujikunja na bila kuinuka.

7. Funga kifuniko. Kiende chenyewe. Ukilazimika kukikalia ndipo kifunge, filta si yake au imekaa vibaya. Ikiwa inacheza, ni ndogo. Msijaze sponji, matambara wala silikoni. Rudisheni dukani.

8. Kaza klipu zote. Halafu fuata lile paipu la mpira mpaka kwenye injini, ukilikunja kidogo kutafuta nyufa. Paipu lililopasuka baada ya filta ni sawa na kutokuwa na filta.

KIPIMO CHA KITAMBAA CHEUPE

Hapa ndipo tungependa kila kikundi kishike sana. Huhitaji mashine kujua kama filta yako inafanya kazi. Baada ya wiki mbili za kutembea kwenye vumbi, zima gari, fungua, na upitishe kitambaa cheupe kisafi upande wa ndani, ule hewa iliyochujwa inakopita, na mwanzo wa paipu.

Kitambaa kikitoka safi, filta inakaa vizuri, hata kama ilikuwa ya bei nafuu. Kikitoka na wekundu, vumbi linapita, hata kama ulinunua jenuini. Mafuta meusi kidogo yasiwatishe, hayo yanaweza kutoka kwenye injini yenyewe. Mnachotafuta ni rangi ya udongo. Mkiiona, simamisheni gari mpaka mjue inakopitia: mpira, klipu, kifuniko kilichopinda, au paipu.

KUSAFISHA NA KUBADILISHA

Tumeona filta zikipelekwa stesheni ya petroli kila wiki kupulizwa. Nia ni njema, lakini inaumiza. Kompresa ya kujaza upepo ina presha kubwa, na ikielekezwa karibu inatoboa karatasi kwa matundu usiyoyaona. Tena filta yenye vumbi kidogo inachuja vizuri kuliko mpya kabisa, kwa sababu lile vumbi la juu linasaidia kuzuia jingine. Na kila ukifungua sanduku, unajipa nafasi ya kuangusha mchanga ndani. Kwa hiyo msifungue-fungue ovyo.

Ikibidi kupuliza, puliza kutoka upande safi kwenda upande mchafu, kwa presha isiyozidi 30, kama ile ya tairi la gari dogo, mkono ukiwa mbali. Kuigonga-gonga taratibu kwenye kiganja ni salama zaidi. Ya karatasi haioshwi kwa maji wala petroli. Ikilowa wakati wa mvua kwa kupita kwenye maji mengi, ibadilisheni.

Kitabu kilichokuja na gari kutoka Japani kinaweza kusema filta inakaa makumi ya maelfu ya kilomita. Kitabu hicho kiliandikwa kikifikiria lami. Sisi tunashauri hivi: wakati wa kiangazi, ikaguliwe mara moja kwa mwezi, wakati wa mvua, kila sevisi. Ibadilishwe ikiwa mwanga haupiti tena vizuri, au mpira umepasuka, au gari limepoteza nguvu mlimani bila sababu nyingine.

Na kama kikundi chenu hakina gari ila kina posho mill ya dizeli, haya yote yanawahusu. Injini ya posho mill inavuta vumbi la unga siku nzima, nayo filta yake mara nyingi husahauliwa kabisa. Zile za zamani zenye bakuli la oili, mwageni oili ikiwa nzito kwa uchafu, osheni bakuli, na mjaze mpaka kwenye alama, si zaidi.

DAFTARI LA GARI

Tununue daftari moja la gari tu. Kila filta inapobadilishwa, andikeni tarehe, kilomita, namba iliyo kwenye filta, bei, duka, na nani aliifunga. Wakati wa kufunga wawepo watu wawili, dereva na mwanakamati mmoja. Filta ya zamani iletwe mkutanoni. Hii si kumshuku dereva. Ni kumlinda, ili siku gari likiharibika asibebeshwe lawama ambayo si yake. Kile kikundi tulichokitaja hapo juu kingekuwa na daftari kama hili, ugomvi wao ungekwisha kwa dakika tano.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Filta ya gari letu, au ya posho mill yetu, ilibadilishwa lini mara ya mwisho? Nani anajua?

2. Tukipitisha kitambaa cheupe leo, tunafikiri kitatoka vipi? Tufanye hivyo kabla ya kufunga mkutano.

3. Nani wawili tutawachagua wajifunze kuifunga, na mmoja wao awe mwanamke?

4. Tutatenga kiasi gani kila mwezi kwa filta na oili, ili tusingoje bonasi?

Kiangazi kinaanza Desemba. Kikundi kitakachofanya kazi hii mwezi wa Novemba, kabla vumbi halijainuka, kitakuwa kimeanza vizuri.